Geti Alilopita Yaya Odile

Harufu ya maji ya chumvi yaliyochemshwa hunirudisha jikoni kwetu Lubumbashi, mwishoni mwa kiangazi kimoja, vumbi jekundu likiwa limetanda hata juu ya masufuria. Yaya Odile, dada yangu mkubwa, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ndani ya beseni, na mama anaukanda kwa kitambaa huku mlango umefungwa kwa komeo mchana kweupe. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua mlango haufungwi mchana bila sababu. Yaya alichezea timu ya mpira wa kikapu ya mtaa wetu, na timu ilikuwa fainali dhidi ya wasichana waliotoka mkoa wa Kasai. Atakayetangulia kushinda mechi tatu ndiye bingwa. Sisi tulikuwa tumepoteza mbili za kwanza, na mtaa mzima ulikuwa unamtafuta mchawi.

Siku ya mechi kubwa timu yetu haikupita kwenye geti la uwanja. Iliaminika kwamba wapinzani wamefukia dawa hapo chini, na anayeikanyaga huishiwa nguvu za miguu. Basi wachezaji waliruka ukuta wa nyuma, mabegi yakitupwa kwanza, kocha akiwasukuma wazito kutoka chini. Katika mechi ya kwanza yaya aliruka vibaya akateguka kifundo cha mguu. Alicheza hivyo hivyo, akikosa mitupo ambayo hata bibi yangu angefunga, na katika ya pili akacheza vibaya zaidi. Kusema ukweli hakuweza, asije akatolewa kwenye timu. "Usiambie muntu," alininong'oneza pale jikoni. "Bakijua nilianguka ku ukuta, batasema dawa ilinikamata, batanitosha mu ekipe." Kinga ndiyo iliyotuumiza, wala hakuna aliyeishuku kinga. Walimshuku yaya, kwa sababu baba yetu alizaliwa Kasai.

Aliyelitamka wazi ni Mama Véro, jirani yetu muuza nyanya, tulipokuwa tukichota maji. "Ule mutoto iko nachezea ba ndugu ya baba yake," alisema, bila hata kuteremsha sauti. Mama alijaza ndoo yake akaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, watu walikumbushana, na nguo iliyopekuliwa ilikuwa yetu. Baba, aliyefika mjini akiwa kijana na kutuzaa sote hapa, akaacha kuzungumza Kiluba cha kwao uani. Usiku nilimsikia akimuuliza mama kama si heri tuhame kabla hatujaambiwa. Hapo nami nikaanza kumshuku kila mtu: kocha aliyetusalimia kwa heshima iliyozidi, rafiki zangu walionyamaza nilipokaribia, hata mwalimu aliyeniuliza tu habari za nyumbani. Niliogopa sana, na nilichoogopa si kushindwa bali kupoteza nyumba yetu.

Katika mechi ya tatu yaya hakuweza kuruka. Wenzake walipokuwa wakipanda ukuta, yeye alichukua begi lake akapita getini peke yake, akichechemea kidogo, mimi nikimfuata nyuma. Minong'ono ikazuka. "Munaona? Haogope, juu ni yeye aliizika ile dawa," mtu akasema. Kocha akamweka benchi. Kufikia mapumziko tulikuwa tumeachwa mbali, kisha mwenzake mmoja akatolewa kwa kuzidisha makosa na mwingine akaishiwa pumzi, ikabidi yaya aingie. Mguu ulikuwa umepumzika na maji ya chumvi yalikuwa yamefanya kazi yake. Alifunga, akafunga tena, tukashinda huku mashabiki wakitazamana. Mechi ya nne walimsihi atangulie getini na timu nzima ikamfuata, kwani sasa ilisemwa kwamba ndiye aliyeivunja dawa. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyeumia, tukashinda tena. Ya tano ilikuwa sare hadi mwisho, yaya akampokonya mpinzani mpira na kuutia kikapuni kipenga kikikaribia kulia. Walimbeba hadi nyumbani. Mama Véro alitandika kitenge chake mlangoni petu ili yaya akikanyage, akiimba "mutoto yetu, mutoto yetu." Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baba alicheka, mama akacheza. Mimi nilisimama mlangoni nikizitazama nyuso zile zile, na nilikuwa na hasira.

Siku hizi uwanja umepakwa rangi, una paa na viti, na watu wote hupita getini wakicheka hadithi za ukuta. Yaya anafundisha wasichana, na binti yake ndiye nyota wa timu. Wenzangu huniambia mji umebadilika, nami ningependa kuwaamini, ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jumapili iliyopita, binti huyo akicheza, nilikaa uwanjani na Mama Véro, ambaye sasa ni mzee na ananipenda kweli. Alinigawia karanga zake, akamshangilia mtoto wetu kuliko mimi. Kisha binti akakosa mitupo miwili mfululizo. Mama Véro akaacha kutafuna, akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Baba ya uyu mutoto, njo muntu wa wapi?"

Nikamwambia ni wa hapa. Nilikuwa nimeteremsha sauti.