Fundi Dionis na Gari Lake la Viti Viwili

Mwamvita muuza vitumbua ndiye aliyeileta habari. Alilitua sinia lake barazani kwa Marcelina, akachungulia njiani kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Modest, mwenzangu, yule jirani yako analitafuna gari."

"Nani huyo?"

"Nani mwingine hapa Kanyenye? Fundi Dionis! Nimemwona kwa macho yangu haya. Nimepiga hodi mpaka koo limenikauka. Mtu kaliinamia lile dude lake, kijiti kirefu mdomoni, ncha ya pili kaiweka kwenye injini, macho kayafumba. Anang'ata! Utadhani anakula muwa."

Marcelina alicheka, akamhamishia mtoto titi la pili. "Labda alikuwa anawaza."

"Awaze kwa meno? Lile gari lina mwenyewe, jini, nakwambia, wala si yeye. Na ndiye huyo mwenyewe aliyemkimbiza mke wa fundi, Apolinaria."

Hapo Marcelina hakucheka tena. Kuondoka kwa Apolinaria kulikuwa bado kunamuuma. Yule mama, mtu wa Sikonge kama yeye, ndiye aliyemfundisha kumwogesha Modest alipokuwa kichanga wa kushikwa kwa woga, na mumewe Elieza akiwa safarini kwenye treni ya Kigoma, Apolinaria ndiye aliyekuwa akimletea uji.

Gari lenyewe kila mtu alilijua. Lilikuwa dogo, la kijani, viti viwili tu, halina paa, magurudumu yake ya nyaya kama ya baiskeli, na limeinama chini hata kuku hapiti tumboni mwake bila kuinamisha kichwa. Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga ya Urambo alilileta kutoka kwao kwa ajili ya kushindana mbio na wenzake. Mashamba yalipovunjika, gari lilikuwa limekwisha kufa, naye akamwachia Dionis, fundi aliyemtengenezea matrekta miaka yote ile. Watu walimcheka siku alipoliingiza mjini Tabora likivutwa na ng'ombe.

Dionis alilijengea banda la mabua uani kwake, akaanza. Vipuri havikuwepo Tabora, pengine hata Dar es Salaam havikuwepo, kwa hiyo alichokikosa alikitengeneza. Gasketi, zile za kuziba maungio ya injini, alizikata kwenye maboksi ya viatu. Ngozi nyembamba ya mbuzi, ile ya kuwambia ngoma, aliitia ndani ya pampu ya petroli. Chini ya tumbo la gari alifunga bamba alilolikata kwenye pipa, maana barabara ya Sikonge ina visiki, na Sikonge ndiko alikotaka kufika. Zamani, kabla mambo hayajaharibika, alikuwa akimwambia mkewe: "Siku moja nitakupeleka kwenu ndani ya hili, umekaa kama bibi harusi." Apolinaria alikuwa akijibu kwamba siku hiyo atakuwa ameshaota mvi, lakini alisema huku akitabasamu.

Kisha Dionis akaanza kunyamaza. Mkewe akimwita kutoka jikoni, haitiki. Akimsimulia ya sokoni, anaendelea kugeuza spana. Majirani nao wakaliona. Mtu anampa salamu njiani, yeye anapita kama aliyepishana na mti. Kuna waliosema ni kiburi cha gari la kizungu. Kuna waliosema mengine.

Lililovunja nyumba ni hodi. Mama yake Apolinaria alikuja kutoka Sikonge na kibuyu cha asali kichwani. Mama mkwe hupokewa kwa kupiga goti na makofi ya taratibu. Hata mlevi hujikaza akimwona mkwewe. Bibi yule alisimama mlangoni mwa ua juani, akapiga hodi. Akaiona miguu ya mkwewe ikichomoza chini ya gari. Akapiga tena, na tena. Miguu haikusogea. Baadaye Dionis akatoka chini ya gari, akajipangusa, akampa mgongo, akaingia ndani zaidi bandani kutafuta bisibisi. Bibi alikitua kibuyu kizingitini, akageuka. Apolinaria aliporudi kisimani akamkuta mama yake njiani akifuta macho kwa kanga.

Marcelina aliyasikia maneno ya mwisho ya Apolinaria kupitia ua, maana siku hiyo hakusema kwa sauti ndogo. "Mimi nimevumilia kutoitikiwa. Lakini mama yangu? Basi kaa na gari lako, likuitikie lenyewe!"

Akafunga mzigo, akaenda.

Sasa, baada ya Mwamvita kujitwika sinia lake na kuondoka, Marcelina alichukua nguo za mtoto akaenda kuzianika kwenye ua unaopakana na banda la fundi. Nguo zenyewe zilikuwa hazijakamuliwa vizuri. Kupitia matundu ya mabua alimwona. Injini ilikuwa inaunguruma, na kweli Dionis alikuwa na ubao mwembamba wa mninga, urefu wa mkono. Ncha moja meno yameishika, ncha nyingine iko juu ya chuma. Aliuhamisha kidogo, akatulia. Akauhamisha tena, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake.

Mbuzi wa nyumba ya tatu alikuwa akila mabua ya banda. Akaparamia debe tupu lililokuwa juu ya meza ya vyuma, likaanguka chini na spana zote nyuma kabisa ya Dionis. Modest mgongoni kwa mama yake alishtuka, akaangua kilio. Mwamvita, aliyekuwa ameshafika njia panda, akapaza sauti kuuliza kuna nini. Dionis peke yake hakugeuka.

Marcelina alisimama na nepi mkononi. Mwezi uliopita Modest alishikwa na kifua, na yeye alikaa siku nyingi sikio lake liko juu ya kifua cha mwanawe, akisikiliza kila pumzi inayoingia na inayotoka. Tangu hapo alikuwa amezoea kutazama kabla ya kusema. Alichokiona hapa hakikuwa kiburi.

Akazunguka, akaingia uani bila kupiga hodi, akaenda kusimama mbele ya fundi, ng'ambo ya boneti. Hakutoa sauti hata kidogo. Alitamka kwa midomo tu: shikamoo.

"Marahaba, Mama Modest!" Dionis akaitika kwa sauti kubwa, ubao ukimtoka mdomoni. "Mtoto hajambo?"

Marcelina alinyoosha kidole kwenye debe na spana zilizotapakaa nyuma yake. Dionis akageuka, akaziona, akamwona na mbuzi. Akazima injini. Alichukua muda mrefu kuifuta mikono yake kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Umejua," alisema.

"Nimejua leo, fundi. Kwa nini hukumwambia mkeo?"

"Sema polepole. Uso wako usiuinamishe."

Akarudia. Dionis akakaa juu ya gurudumu.

"Fundi asiyesikia injini ni nani? Atanipa kazi nani?" Akaguna. "Masikio yalianza kunitoka nikiwa bado kwenye matrekta, polepole, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Nikadhani yatarudi. Apolinaria akisema neno, nabahatisha. Mara nyingine nabahatisha vibaya, anacheka, nami nacheka. Halafu akaacha kucheka. Nikaona afadhali anione mkaidi kuliko anione kiziwi."

"Na bibi je?"

"Bibi sikujua hata kama amekuja." Sauti yake ilipungua kwa mara ya kwanza. "Nilikuta asali mlangoni. Nikadhani Apolinaria amenunua, mpaka nikamsoma midomo akinifokea habari ya hodi."

Modest alikuwa amenyamaza, ananyonya kidole, anaitazama taa ya gari iliyong'aa. Marcelina akauokota ule ubao wa mninga, akaugeuzageuza. Ulikuwa na alama za meno, nyingi, zimezama kama za panya kwenye mpini wa jembe.

"Huu ndio unaokusikizia?"

"Chuma kinapita kwenye mti, mti unapita kwenye meno, unafika kichwani. Najua kila kitu kinachogonga humo ndani. Limepona, Mama Modest! Limebaki jambo moja, nalo limenishinda." Akamwonyesha vyuma viwili vilivyokaa sambamba ubavuni mwa injini. "Hizi ni kabureta. Zinavuta hewa. Gari la kawaida lina moja, hili la mbio lina mbili, na lazima zivute sawasawa, la sivyo nguvu itaniishia hapo tu mtoni, nje ya mji. Zamani nilikuwa natega bomba hili la mpira sikioni, nasikiliza huku, nasikiliza huku. Lakini hewa haipiti kwenye ubao. Nimejaribu kwa kubahatisha tangu kiangazi kianze."

Marcelina aliutazama mpira. Ulikuwa mwembamba, umekatwa kwenye kitu kingine kabisa, pengine bomba la hospitali. Akamkaza mtoto mgongoni, akainama, akautia sikioni.

"Washa."

Kwanza hakusikia ila fujo. Kisha, mpira ulipokaribia mdomo wa kabureta ya mbele, fujo ikakaa kando, na ndani yake akasikia pumzi. Ilikuwa ndefu, inashuka bila kukwama. Akahamia ya nyuma. Akakunja uso. Hii aliijua. Akasimama mahali Dionis angeweza kuuona mdomo wake.

"Hii ya nyuma ina kifua. Inavuta kwa shida, inapiga mluzi."

Dionis akageuza skrubu kidogo sana. Marcelina akasikiliza, akatikisa kichwa. Akageuza tena. Walikwenda hivyo, yeye akihama na mpira wake huku na huku, fundi akimtazama usoni kama mtu anayesoma, mpaka Marcelina akashindwa kujua iko wapi ya mbele na iko wapi ya nyuma. Akainua mikono yote miwili sawa.

Dionis akaudaka ubao, akaung'ata, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, akaupeleka mkono wenye grisi usoni akajipaka weusi.

"Ndivyo lilivyokuwa," alisema.

"Kesho basi Sikonge?" Marcelina alimtania. "Kamlete bibi harusi wako."

Dionis alizima injini, akabaki ameushika mlango mdogo wa gari.

"Mama Modest, kwenu na kwa mama mkwe wangu kuna umbali gani?"

"Fundi nawe! Tunaombana moto asubuhi, unafika jikoni haujazimika."

"Na mama yako hajamwona huyu mtoto."

"Hajamwona."

Dionis akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa ameshayapanga maneno siku nyingi na hakuwa na wa kumwambia.

"Wazee wa kunisindikiza ukweni ninao, lakini wao wenyewe wanaamini nina kiburi, watanisemea nini? Nikienda peke yangu, bibi atanisemesha nimempa mgongo, sitaitika, na safari hii itakuwa mbele ya ukoo mzima. Elieza akirudi, nitakwenda mimi mwenyewe kumwomba ruhusa. Kiti cha pili kiwe chako na mtoto mpaka Sikonge, ukae kwa mama yako upendavyo. Lakini kabla hujaingia kwenu, nakuomba, utangulie kwa mama mkwe wangu. Mimi nitabaki njiani na gari. Umweleze yeye na Apolinaria haya uliyoyaona leo, maana mimi sijui pa kuanzia. Kisha umwombe bibi atoke, asimame mbele yangu, niuone mdomo wake, anipigie tena ile hodi yake. Safari hii niiitikie."