King'ora cha Korona

Kaka yangu alikuwa mlishaji wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, katika shamba moja nje ya Korogwe. Korona huparua nyama ya jani zikabaki nyuzi. Mkono ukiingia, nao huparuliwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa fundi wa mikanda hapohapo, na tuliishi nyumba moja, Kilole.

Kabla shamba halijataifishwa, walishaji waliimba. Kelele za mashine zilimeza sauti, lakini kiongozi wa wimbo alisimama ng'ambo ya meza ya kulishia mashine, na wenzake waliufuata kwa kumtazama midomo. Akiona hatari, alifumba mdomo. Mikono yote ilirudi nyuma.

Meneja mpya alipiga marufuku nyimbo, akisema ni mambo ya kikoloni. Akafunga king'ora juu ya paa. Kililia kwa kubadilisha zamu, kwa chakula na kwa hatari, mlio uleule.

Tangu hapo kaka alirudi nyumbani amechoka kuliko zamani.

"Kazi haijaongezeka, kaka. Kinachokuchosha nini?"

"Kichwa. Mikono haina shida."

Nikamwomba anionyeshe. Alipanga mabua ya mahindi mkekani kama majani ya mkonge, akawa anayasukuma, nami nikapiga sufuria. Kila nilipopiga alinyanyua uso, na mikono ikaendelea kusukuma.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Naangalia wenzangu. Nikirudisha mikono ghafla kumbe ni chakula tu, majani yakabaki mkandani, msimamizi atanitukana."

Shemeji, mkewe, akadakia, "Kwa chakula huyu hahitaji king'ora. Ananusa ugali toka Mnyuzi!"

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeona. Wimbo ulikaa ng'ambo ya meza, pale macho yalipokuwa tayari. King'ora kilimlazimisha mtu aulize maana yake, na kuuliza kulikuwa kunyanyua uso.

Nilimweleza meneja hivyohivyo, nikaomba hatari iwe na kengele yake, mbele ya meza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ndugu fundi, mwambie kaka yako awe makini."

"Ni makini, Ndugu Meneja. Ndiyo maana ananyanyua uso."

"Basi asinyanyue."

Nikamsihi kaka aombe kuhamishiwa kwenye kuanika nyuzi.

"Nikaanike na akina mama? Watani watanizika kabla sijafa, mdogo wangu."

Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Siku moja, saa ya chakula ikikaribia, shati la mwenzake lilinaswa na mkanda. King'ora kikalia. Yule mwenzake alijichomoa, shati likachanika. Kaka alinyanyua uso, mikono yake ikaendelea.

Hospitalini alilala mkono wa kulia umefungwa bandeji, mfupi kuliko wa kushoto.

"Nilidhani ni chakula," aliniambia.

Nilirudi kazini, kwa kuwa sasa watoto wake walinitegemea mimi. Nilikuwa nimeinama, mikono kwenye mkanda, king'ora kilipolia. Nikanyanyua uso.