Uwanja Kwanza, Daraja Baadaye

Ukungu bado umelala juu ya migomba ya Ndubi, kitongoji kilichojificha kwenye miteremko ya Rungwe, wakati Tulinagwe Anyitike anapofungua mlango wa kituo cha kukusanyia maziwa. Anafagia sakafu ya saruji, anasuuza keni kwa maji ya moto, kisha anajifunga kanga vizuri na kusimama kizingitini kuwangoja wafugaji.

Wa kwanza kufika ni mzee Ambindwile na kindoo chake. "Mugonile," wanaamkiana kwa Kinyakyusa, na Tulinagwe anapiga goti kidogo, kwa kuwa mzee huyu ni rika la baba yake. Anazamisha kipimo ndani ya maziwa, anakitazama kwenye mwanga, anaridhika, anayamimina.

Baada ya mzee wanakuja wanawake wawili, kisha kijana mmoja mwenye baiskeli. Halafu kimya. Jua linapochomoza juu ya mashamba ya chai, kazi ya asubuhi imekwisha.

"Zamani hapa palikuwa kama gulioni," anasema, akikaa kwenye benchi. "Watu wanatoka Nkunga huko, wanatoka mabondeni, kila mtu na ndoo yake kichwani. Unasikia habari za harusi, habari za misiba, nani kazaa, nani kagombana na mume wake. Mimi nilikuwa sijui redio ni ya nini."

Wakati huo kituo kilipokea zaidi ya lita mia tatu kila asubuhi. Siku hizi zikifika sitini, anashukuru.

Tulinagwe ana miaka hamsini na minane. Alianza kazi hii akiwa mama kijana, na kwa kazi hii alimsomesha bintiye Veronika hadi kidato cha nne. Ukimuuliza kituo kilidhoofikaje, haanzi na ng'ombe wala na bei. Anaanza na uchaguzi.

Anapozungumzia uchaguzi anarudi mbali kwanza, kwa marehemu baba yake, Lugano, mkulima wa kahawa aliyependa mikutano kuliko pombe. Ilikuwa enzi ya chama kimoja. Wagombea wawili wa ubunge walikuja pamoja, wakasimama jukwaa moja, mmoja amepewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Watu waliketi kwenye majani, kina mama na vikapu vyao, wakawasikiliza wote wawili hadi mwisho.

Jioni, sufuria la mbalaga, ndizi za kupikwa, likiwa katikati, Lugano aliwauliza watoto mmoja mmoja: jembe kasema nini? Nyumba je? Aliyekuwa akicheza nyuma ya umati alijulikana hapo hapo, maana hakuwa na la kujibu.

"Baba alikuwa hasomi gazeti, lakini alikuwa anajua nani anataka barabara na nani anataka shule," anasema Tulinagwe, na sauti inamlainika. "Nikikumbuka ile harufu ya ndizi na baba anavyotuhoji, natamani nirudi hata siku moja tu."

Hasemi kwamba enzi ile ilikuwa peponi. Chama kilikuwa kimoja, na yapo mambo ambayo hata Lugano aliyasema kwa kunong'ona. Anachokitamani ni ule utulivu wa kusikiliza.

Kampeni alizokuja kuziona ukubwani zilikuwa na sura nyingine. Anaikumbuka moja kuliko zote. Mgombea udiwani alikuja na lori lenye spika kubwa na wacheza shoo kutoka mjini. Kanga zilirushwa, fulana zikagombaniwa. Tulinagwe alipata kanga ya kijani, akaifunga juu ya nguo aliyokuwa nayo, akacheza hadi miguu ikauma. Mgombea alizungumza kwa muda mfupi tu kati ya wimbo na wimbo, na kila alipovuta pumzi kina mama walipiga vigelegele.

Alishinda kwa kura nyingi. Haukupita muda mrefu, kazi ya uwanja wa mpira ikaanza: ukasawazishwa, ukapandwa nyasi, ukajengewa jukwaa lenye paa la bati. Vijana walifurahi, na hadi leo Jumapili uwanja hujaa.

Lakini chini ya kitongoji lilikuwapo daraja la magogo, na magogo yalikuwa yanaoza. Gari la maziwa lilipita hapo kila siku. Masika moja mvua ilinyesha usiku na mchana kama inavyojua kunyesha Rungwe, na asubuhi daraja halikuwapo. Mto ulikuwa umelibeba lote.

Gari lilisimama ng'ambo, dereva akapiga honi, akageuza. Maziwa ya siku ile yalichachia kwenye keni. Tulinagwe aliyamwaga kwenye shimo la mbolea mbele ya wenyewe.

Wiki zikawa miezi. Wenye nguvu walivusha ndoo kichwani kwa kushika kamba. Wengine walianza kuuza ng'ombe. Tulinagwe mwenyewe aliuza mtamba aliyekuwa amemtengea Veronika. Binti alipoona hakuna cha kumshika nyumbani, akaenda kutafuta kazi Mbeya mjini.

Ndipo watu wanne wa Ndubi walipomfuata diwani nyumbani kwake, Tulinagwe akiwa mmoja wao. Aliwakaribisha vizuri, akaagiza chai. Walipomweleza kwamba amewatupa, hakukasirika.

"Mama Veronika, mimi nilisema," alimjibu. "Nilisema uwanja kwanza, daraja baadaye. Nilisema pale pale juu ya lori, na nyie mkanishangilia. Ningefanya kingine, si mngesema nimewadanganya?"

Walitazamana. Mzee Ambindwile, aliyekuwa kati ya wale wanne, akakubali polepole kwamba ni kweli, aliyasikia maneno yale, ila alidhani ni maneno tu ya jukwaani.

"Nilikwenda pale nikiwa na hasira, nikarudi sina wa kumkasirikia," anasema Tulinagwe. "Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi. Yule hakuwa mwongo. Alitaka uwanja, sisi tulitaka daraja, na hatukujua kama tunataka vitu tofauti."

Diwani yule ameshaondoka, na aliyemfuata alipita kwa kanga vilevile. Daraja lililopo sasa ni la miti miwili. Pikipiki inapita, gari halipiti.

Msimu huu wa kampeni Tulinagwe aliamua kujaribu jambo. Alilizungumza kwanza na Mwanaharusi, mfanyabiashara wa Bulyaga mjini Tukuyu ambaye hununua mtindi wake, mwanamke ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Tanga. Mwanaharusi alimwambia wagombea hawatakuja mahali pasipo na umati. Tulinagwe akamjibu kwamba watu sitini waliokaa kimya ni umati.

Alituma ujumbe kwa wagombea wote watatu wa kata: waje kituoni baada ya kupima maziwa, bila spika, bila zawadi, waseme wataanza na nini na nini kitangoja. Mmoja hakujibu. Wawili walikuja.

Watu waliketi kwenye majani. Mgombea wa kwanza aliahidi kila kitu, na alipobanwa aseme kipi kitangoja, alizunguka hadi watu wakaanza kuguna. Wa pili, kijana aitwaye Prosper, alisema ataanza na zahanati. Daraja litangoja, pengine mwaka wa tatu.

Manung'uniko yalizuka. Lakini Felista, jirani wa Tulinagwe, akasimama. Mwaka jana binti yake alijifungulia njiani, gizani, na mtoto hakuishi. Kwa sauti ndogo alisema kama ni kuchagua, yeye anachagua zahanati. Hakuna aliyembishia, na mkutano ukaendelea mpaka saa za kukamua jioni.

Tulinagwe bado hajaamua kura yake. Anasema usiku hupima daraja huku, zahanati kule, na uso wa Felista katikati. Ila safari hii, anasema, akikosa anachokitaka atajua amekikosa kwa sababu gani.

Ndoto yake ni kumnunulia Veronika mtamba mwingine na kumwona amerudi Ndubi. Mpango wake ni wa karibu zaidi.

"Atakayeshinda tutamwita tena mwakani, akae hapa hapa kwenye benchi," anasema, akinyanyuka kwenda kumpokea mfugaji aliyechelewa. "Chai tutampikia sisi, na maziwa yapo. Yeye aje tu atuambie ameanza na nini."