Kijiti Kilichovuta Kushoto

Pa! Pa! Pa!

Sauti hiyo niliisikia kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimetoka kazini alasiri, bado niko nje, nauinua mlango wetu kwa bega ili ufunguke, kama tufanyavyo wote nyumbani, kwa kuwa umelegea bawaba na hukwaruza sakafu. Ndani nilidhani kuna mtu anachapwa makofi. Niliingia mbio na buti zangu za kazi, nikamkuta binti yangu Mishi yu peke yake mkekani, anaipiga kontrola ya gemu kwenye kiganja chake kama mtu anayekung'uta mchanga kiatuni.

"Mama, hii imekufa. Ninunulie nyingine. Jumamosi nacheza."

Nilikaa chini nikavua buti polepole, maana ile sauti ilikwisha kunichukua, ikanirudisha Jomvu Kuu, kwenye chumba cha nyuma cha babu yangu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nakumbuka siku ile aliyekaa akipiga kontrola kiganjani nilikuwa mimi, na aliyekuwa nje ya mlango ni Babu Mbwana. Naye aliuliza kabla hajanitia machoni:

"Nani yuwampiga mtoto humo?"

"Hakuna mtoto, Babu. Ni hii kontrola."

"Na yeye kakosa nini?"

Mwanangu, niliyomsimulia Mishi jioni ile nakusimulia na wewe, kwani najua nawe una kitu chako mahali fulani unachokipiga makofi.

Kontrola ile aliniachia kaka yangu alipokwenda kuoa Malindi. Ni kile kidude cha mkononi chenye vitufe na vijiti viwili, ambacho kwacho unawaendesha wachezaji wa mpira walio ndani ya televisheni. Kaka aliitumia mpaka kijiti cha kushoto kikaharibika. Ukikiacha bila kukigusa, mchezaji wako huondoka mwenyewe, hushika njia ya kushoto taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mwingine angeitupa. Mimi nilijifunza kuishi nayo. Nilikuwa nakisukuma kijiti kulia kidogo, kidogo tu, wakati wote, hata pale mchezaji anapotakiwa kusimama, na kwa kusukuma huko mambo yakawa sawa.

Tulikuwa tukicheza Changamwe, kwenye kibanda cha gemu cha kijana mmoja akiitwa Bakari. Ndani kulikuwa na viti vitano mbele na mabenchi nyuma. Vijana wa pale walikuwa wakiomba kontrola yangu kwa utani, na kila aliyeishika wachezaji wake walimtoroka. Kisha mimi huichukua, nikawafunga mmoja baada ya mwingine. "Hii ni ya mwenyewe," walikuwa wakisema, nami nikivimba kichwa. Nilijiona fundi kwa kuwa nilikiweza kitu kibovu ambacho wengine hawakiwezi. Usinicheke, mwanangu. Watu wengi wazima wanaishi kwa sifa kama hiyo mpaka leo.

Sasa Idd ilikuwa inakaribia. Siku ya Idd Pili, wachezaji watano wa Changamwe walikuwa wavuke kivuko kwenda kucheza na watano wa Likoni. Viti vinne vilikwisha kupata wenyewe. Cha tano kilikuwa kati yangu na Oti, kijana aliyekuja na wazazi wake kutoka bara, mwenye mdomo mwepesi na vidole vyepesi zaidi. Bakari alitupa siku ya Alhamisi tucheze sisi wawili, mshindi akae. Msichana hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Nilikitaka kuliko nguo ya Idd, na si maneno tu, maana nguo ya Idd ndiyo niliyoitoa.

Siku chache kabla ya Alhamisi kijiti kilizidi. Kilivuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Hapo ndipo nilipokuwa nikiipiga kiganjani na Babu akanisikia. Aliingia, akaipokea, akakitikisa kijiti kwa ncha ya kidole, akasikiliza. Babu alikuwa ameendesha kreni ya makontena maisha yake yote ya kazi. Gemu hakuijua, lakini vijiti alivijua.

"Keti tuifungue," alisema. "Tuone kinachouma ni nini."

"Babu, hii ni ya kutupa. Nataka mpya."

"Hujaifungua, umejuaje?"

Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Nilimwambia Mama anipe fedha ya nguo badala ya nguo, nikaenda kununua kontrola mpya, nyeusi, inanuka duka. Nilikwenda nayo kwa Bakari moja kwa moja bila kuijaribu nyumbani. Nilikuwa na haraka ya kuonekana nayo.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Kontrola ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Lakini wachezaji wangu walikwenda kulia. Nikipiga pasi, inapotea kulia. Nikipiga goli, mpira unapita nje ya mlingoti wa kulia. Oti akafunga la kwanza, akafunga la pili, akapata nafasi ya kusema.

"Wee Rukia, hii timu yako inaenda Voi ama? Goli iko huku!"

Benchi zima likaangua kicheko. Aliponifunga la tatu nilisimama nikasema kontrola ni mbovu, nimeuziwa kitu kibovu. Oti hakubishana. Aliichukua mkononi mwangu, akacheza nayo, ikamtii kila alipotaka. Akanirudishia kwa heshima, na heshima hiyo iliniuma kuliko kile kicheko.

Nilirudi Jomvu Kuu nikamkuta Babu amekaa chumba cha nyuma. Ameifungua ile ya zamani kwa bisibisi yake ndogo ya mpini mwekundu, vipande vimepangwa juu ya gazeti.

"Kaka yako alikuwa akiilisha hii?" aliniuliza. Ndani yake mlikuwa na mchanga, nywele na chembe za biskuti.

Tuliisafisha kwa pamba na spiriti. Kijiti chenyewe kilikuwa kimelika mizizi, kwa hiyo tukakitoa, na siku ya pili Bakari akatupatia kingine kutoka kwenye kontrola yake iliyokufa. Babu akakitia kwa subira ya mtu anayemvisha mtoto mchanga. Tukaichomeka. Nikacheza. Wachezaji wakaenda kulia.

"Babu! Hata hii!"

"Toa mkono," alisema.

Nikatoa. Mchezaji alisimama pale pale katikati ya uwanja, wima, kama kigingi.

"Haya, weka kidole."

Nikaweka tu, wallahi niliweka tu, na yule mtu akaondoka kulia. Babu akanitazama mimi, hakuitazama televisheni.

"Umeona? Kasoro haikufa, mjukuu wangu. Imehama. Ilikuwa kwenye kijiti, sasa iko kwenye kidole chako. Mzoea punda hapandi farasi."

Kisha akaendelea, na sauti yake ilishuka, maana lile alilotaka kulisema hakuwahi kumwambia jamaa yake yeyote.

"Nami nilikuwa na kreni yangu. Kijiti chake kilivuta vivyo hivyo. Nilikijua, nikikirudisha kwa mkono bila hata kufikiri, na nikipenda kusikia wenzangu wakisema kreni ile haimtii mtu ila Mbwana. Sikuwaambia mafundi. Ningewaambia wangeitengeneza, nami ningekuwa dereva kama madereva wengine. Siku moja niliugua. Akapanda Saidi, kijana mzuri, mwangalifu. Kontena ikamvuta kushoto asikotaka, ikagonga ngazi iliyokuwa na mtu. Mtu yule alipona. Mguu wake haukupona. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa nikienda kwake kumwamkia, naye akinikaribisha vizuri, hajui. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu yalimuumbua mwenzangu."

Kisha akaniita kwa jina, kama anayemwita mtu aliye mbali. "Rukia!"

"Abee, Babu."

"Usijisifu kwa kukiweza kitu kibovu. Jisifu siku mtu mwingine ataweza kukitumia baada yako."

Siku zilizofuata alinikalisha kila jioni kabla ya Magharibi. Niweke kidole juu ya kijiti nisisukume, yule mchezaji asimame. Ni hayo tu. Hakuna mchezo wa kuchosha kama huo duniani. Siku ya kwanza hakusimama hata mara moja. Kufika mkesha wa Idd, alikuwa akisimama mpaka Babu anaanza kusinzia.

Kiti cha tano alikikalia Oti, kwa haki yake. Mimi nilivuka nao kwenda Likoni nikiwa mtazamaji, ile kontrola ya zamani nimeitia mkobani. Huko kontrola aliyoazimwa Oti ikamkatalia kabla ya mechi. Niliitoa yangu nikampa. Akaiogopa.

"Si hii ndiyo ile ya mwenyewe? Itanipeleka mpakani Lunga Lunga!"

"Jaribu."

Akajaribu. Akanigeukia macho yamemtoka. "Imenyooka! Nani ametengeneza?"

"Mimi na babu yangu."

Likoni walitufunga, sitakudanganya. Lakini nilirudi kivukoni kifua mbele kuliko siku zote nilizowahi kushinda.

Miaka ikapita. Niliajiriwa karani kwenye yadi moja ya makontena, na ilipotangazwa kwamba wanatafutwa madereva wa kreni, niliandika jina langu. Tulipanda ngazi mmoja mmoja kufanya mtihani. Zamu yangu ilipofika, nilikaa kwenye kile kiti cha juu, yadi yote iko chini ya miguu yangu, nikainua kontena tupu hatua chache kutoka ardhini. Kisha nikatoa mkono.

Kwenye redio nilisikia wanaume wanacheka chini. "Mama ameogopa! Mleteni maji!" Mkufunzi akauliza mbona nimeacha kazi.

"Nataka nione itakwenda wapi yenyewe," nilisema.

Nikangoja. Kontena ikaanza kusogea kushoto, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikaishusha chini, nikasema sitainua tena mpaka kijiti kifunguliwe. Mafundi walipanda, wakakikuta kimelika. Dereva wa siku zote wa kreni ile, mtu mzima mwenye sifa zake, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa akijua, yeye hukirudisha tu kwa mkono. Nilimwonea huruma. Mtu wa aina hiyo nilimjua tangu zamani.

Kazi nilipata. Babu alikuwa hai bado. Nilikwenda nikamweleza. Alinyoosha mkono akakishika kidole gumba changu cha kushoto, akakaa nacho, machozi yakimtiririka ndevuni.

Ndiyo maana, mwanangu, ukinijia na kifaa kibovu sitakwambia utengeneze, wala sitakwambia ununue kipya, mpaka kwanza umekiacha bila kukigusa ukaona kinakwenda wapi. Kifungue kabla hujakizika. Kama kilichokufa ni kiungo, badilisha kiungo. Usizike mtu mzima kwa sababu ya jino. Kama mwili wote umeoza, nunua kipya bila haya. Mchagua jembe si mkulima, ni kweli, lakini hata mkulima hodari halimi kwa mpini mtupu. Ila ukishakuwa na kilichonyooka, kiwe kipya au kilichotengenezwa, kipe mkono wako siku za kunyooka nacho, maana kasoro uliyoishi nayo hukuachia urithi. Na hili si la kontrola peke yake. Aliyelelewa na mkali humsukuma hata mpole. Tena ubovu unaoujua usiufanye siri yako wala fahari yako. Useme, ili atakayekaa kwenye kiti baada yako asidhurike.

Mishi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimpa bisibisi ya mpini mwekundu, nikamwambia aende kwa jirani yetu wa hapa hapa mtaani Mjambere, fundi wa redio, wakaifungue pamoja; kama haitafaa, mpya nitanunua mimi mwenyewe. Aliinama akanibusu mkono.

"Mungu akunyooshee njia, mwanangu," nilimwambia, nami nakuombea na wewe unayesoma. "Akupe mikono ya kutengeneza, na ulimi wa kusema palipovunjika, na watakaokuja baada yako wakute vitu vimenyooka. Amina."

"Amina, Mama."

Alikwenda mlangoni, akauinua kwa bega, akatoka. Kisha akarudisha kichwa ndani, anacheka.

"Mama, na huu mlango je? Tutauinua kwa bega mpaka lini?"

Nilicheka kwa fahari mpaka nikashika ubavu, nikanyoosha mkono kumwomba anirudishie ile bisibisi kidogo nikaze bawaba, lakini Mishi alikwisha kuuinua mlango kwa nje, akauvuta, nao ukakwaruza sakafu ukafunga.