Ndala za Kuchomekea Plagi

Saluni niliyofanyia kazi Mkuyuni, miaka ile biashara binafsi ziliporuhusiwa na kila mwenye chumba akatundika kibao mlangoni, ilikuwa na soketi moja tu. Kutoka hapo ekstensheni ilitambaa sakafuni hadi kwenye draya mbili na redio kubwa, ikipita palepale tulipooshea wateja vichwa. Ilikuwa imeungwa katikati, na kiungo kimefungwa kwa vipande vya mfuko wa nailoni.

Siku iliponipiga shoti, mkono ulikufa ganzi hadi begani. Bosi, mama mmoja mwenye sauti kubwa, hakununua waya mpya. Alinunua ndala. Ziliwekwa chini ya soketi, na anayechomeka plagi sharti azivae. Nilizivaa, huku nikijidharau, kwa sababu mshahara ule ndio uliomlisha mama yangu.

Jumamosi moja akaja bibi harusi. Nilimwosha nywele, nikamfunga rolo, maji yakamwagika yakatuama juu ya kile kiungo. Bosi akasema, "Mkalishe kwenye draya."

"Simkalishi, mama. Waya umelowa."

"Si uvae ndala!"

"Ndala zenyewe pea moja. Huyu mteja avae nini?"

Aliwageukia wateja wengine. "Mnamsikia? Kaja hapa kutengeneza nywele, sasa kawa fundi umeme." Wakacheka naye. Niliona aibu, halafu hasira ikaja ikaifuta. Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi, nikasimama mbele ya soketi. Nikasema waya wa kuungaunga hauwekwi kwenye maji, na asiyeamini nimrudishie umeme, aushike kwa mkono wake. Hakuna aliyeinama.

"Basi toka," bosi akasema. "Na usirudi."

Nikachukua kitana changu, nikatoka. Niliogopa sana, maana sikujua mama yangu ningemlisha nini. Lakini kurudi kuomba radhi, hapana! Sijafika mbali nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Bibi harusi, taulo shingoni, rolo kichwani, barabara nzima ikimshangaa.

"Dada, nimalizie," alisema. "Hata kwa jua."

Nikampeleka nyumbani, nikamkalisha juu ya jiwe uani. Mama akatoka ndani, akauliza mbona nimerudi mapema.

"Nimefukuzwa kazi."

"Na huyu je?"

Bibi harusi alijibu mwenyewe. "Mimi nimegoma, mama. Shikamoo."