Bibi Harusi Harudi Mlangoni

Naikumbuka vizuri Jumamosi moja kule Nkanka, Rwanda, mwanangu, maana ndiyo siku yaya wangu Béatrice, dada yangu mkubwa, alivua kandambili akitaka kunitandika nayo. Usicheke. Alikuwa na haki.

Yaya alikuwa anakaribia kuolewa. Wakwe walikuwa watu wa Bukavu, ng'ambo tu ya mto, huko huko tulikokulia kabla wazazi hawajarudi Rwanda. Parokia ilikuwa na kinanda kizuri, lakini yaya alishikilia kwamba ataingia kanisani kwa violoni ya mdogo wake, si kwa kitu kingine. Mdogo mwenyewe ndiye mimi. Nilikuwa nimejifunza miaka michache tu kwa Papa Sylvestre, kiongozi wa kwaya yetu, na kichwa kilikuwa kimeshavimba. Ningeharibu, aibu ingekuwa ya yaya mbele ya wakwe wote.

Basi nikafanya mazoezi kweli kweli. Lakini nilikuwa na ugonjwa ambao nauona kwako pia, usinifiche, nakusikia kupitia ukuta. Kidole kikikosea, narudi mwanzo wa wimbo. Nakosea, narudi. Mwanzo ukawa safi kabisa. Mwisho sikuujua vizuri, kwa kuwa niliufikia mara chache, tena nikiwa nimechoka.

Siku hiyo Papa Sylvestre alikuja nyumbani, akakaa, akasikiliza. Kisha akamwita yaya kutoka jikoni. Akamsimamisha kwenye mlango wa ua, akamwambia anijie kwa ule mwendo wa maharusi, hatua na kusimama, hatua na kusimama, na mimi nipige. Nikakosea katikati, nikaanza upya kama kawaida yangu.

"Béa, rudi kule ku mulango," Papa akasema.

Yaya akarudi. Nikakosea tena, akarudishwa tena. Jua lilikuwa kali, na sambaza, dagaa wa ziwani, alizoziacha jikoni zilianza kunukia kuungua. Hapo ndipo ile kandambili ikatoka mguuni.

"Papa, miye niko mbuzi? Niko naenda, niko narudi, na huyu mutoto iko anacheka tu."

Sikuwa nikicheka, mwanangu. Nilikuwa karibu kulia.

"Si miye niko nakurudisha, maman," Papa akamjibu. "Njo huyu mudogo yako anakurudisha." Kisha akanigeukia, hakupandisha hata sauti. "Siku ya ndoa yaya yako atakuwa katikati ya kanisa, batu bote banamuangalia. Utakosea, kila muntu anakoseaka. Sasa utamurudisha ku mulango?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Tukaanza kazi upya. Alinikataza kabisa kuanza mwanzoni. Tulianza na mistari ya mwisho, polepole mno, mpaka upinde mzima upite kwenye uzi bila kukwaruza. Mahali pagumu tulipatoa peke yake, noti mbili tatu tu, tukapazungusha mpaka kidole kikapazoea. Halafu jioni napiga wimbo wote mara moja, yaya anatembea, na nikikosea nasonga mbele. Yaya alikuwa bado ananung'unika, ila kidogo.

Kesho yake ikiwa ndoa, Papa alinipeleka kanisani kukiwa hakuna mtu, nikasimama pale nitakaposimama, nikapiga kidogo nisikie sauti inavyorudi kutoka ukutani. Akafunga violoni kwenye sanduku lake, akasema mazoezi yameisha, nikale nikalale. Niliona ananionea. Nilitaka sana kujaribu tena.

Siku yenyewe wakwe wakakwama mpakani, foleni haisogei. Tukangoja weee, mikono ikawa baridi. Nikiwa sakristia, kile chumba cha padri, nikaanza kuupiga wimbo haraka haraka, naurudia tu kwa hofu. Papa akanitoa upinde mkononi. Akaniambia nitie mikono kwapani ipate joto, nivute pumzi, kisha niitoe taratibu kuliko nilivyoivuta. Nikatulia, ingawa nilijiona kama kuku aliyeloa mvua.

Milango ikafunguliwa. Yaya akaingia na baba yetu. Walipofika katikati, pale pale pagumu, kidole kikateleza, violoni ikalia vibaya sana. Mkono wangu ulitaka kurudi mwanzo, nakuambia kweli, upinde ulishainuka. Nikamtazama yaya: shela usoni, mguu mmoja mbele, ananikazia macho. Nikasonga. Naye akasonga. Alifika altareni nikiwa kwenye ile mistari ya mwisho, ambayo sasa niliijua kuliko yote.

Yaya ametutangulia sasa. Nikipiga wimbo ule hadi leo namwona anatembea, na machozi yananitoka. Sioni haya.

Jumapili ni zamu yako, mwanangu, kusimama mbele ya watu. Leo anza na mwisho, polepole, hata ukijiona mjinga. Pagumu pape muda wake peke yake. Jumamosi nenda ukapaone mahali pako, kisha ufunge sanduku, ule, ulale. Asubuhi usikimbizane na wimbo, pasha mikono joto na utoe pumzi. Na ukikosea, kosea ukienda mbele, kwa sababu anayekusikiliza ameshaanza safari na wewe na hawezi kurudi mlangoni.

Mungu akutulize mikono, akuongezee pumzi, na yeyote atakayetembea kwa muziki wako afike.