Hua wa Pwani

Juzi, ufukoni Tanga, nilimwona samaki taa aliyetoka kuvuliwa akipigapiga mapezi, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Kerenge, mbali na bahari.

Nilikuwa nimetoka kufukuza hua kwenye mpunga wa shamba la ujamaa. Jikoni kulinuka vikali. Bibi alikuwa ameweka kwenye ungo taa mkavu aliyeletwa kutoka pwani. Kwa mabawa yale mapana na ule mkia, nikajua huyu ni hua wa pwani. Nikamgeuza kutafuta alama ya kisu shingoni. Haikuwepo.

“Bibi, nani kamchinja?”

“Huyu hachinjwi. Ni samaki.”

“Samaki ana mabawa? Kibudu mimi sili, bibi!”

Bibi alicheka hadi machozi. Nikala ugali kwa chumvi, wala sikulegea.

Leo najua taa ni samaki. Lakini nikipakuliwa taa, bado naitafuta kwanza shingo.